Kumpima mtoto si kumtafutia wazimu

Hapa Tanga tumekua tukisikia kwamba mtoto akipelekwa kwa mtaalamu wa afya ya akili, anaenda kubandikwa jina la wazimu, na jina hilo halibanduki. Wazazi wengi husita kwa sababu hiyo, na nawaelewa. Nani anataka mwanawe anyooshewe vidole mtaani?

Lakini tathmini haifanyiki hivyo. Chukua dodoso la SDQ, yaani orodha ya maswali kuhusu uwezo na matatizo ya mtoto, alilolitunga Robert Goodman wa Uingereza mwaka 1997, ambalo lipo pia kwa Kiswahili. Lina vipengele 25, na vitano kati yake havitafuti kasoro hata kidogo: je, mtoto anajali hisia za wenzake, anagawana vitu, anamsaidia aliyeumia, ana upole kwa wadogo, anajitolea bila kutumwa?

Njia nyingine, CANS (kifupi cha Kiingereza cha "mahitaji na uwezo wa watoto na vijana"), iliyoasisiwa na John Lyons wa Marekani, hupima mahitaji na uwezo kwa alama 0 hadi 3. Kwa mahitaji, 3 ni jambo la kushughulikiwa mara moja. Kwa uwezo, 0 ndiyo alama bora: ni nguzo ambayo msaada wote unaweza kuegemea.

Nguzo hiyo ni nini? Labda ni bibi anayelala naye, ustadhi anayemsikiliza, au sauti inayosifiwa kwenye kaswida. Mtoto asiyelala usiku na anayepigana shuleni anaweza bado kuwa navyo vyote vitatu. Kwa hiyo, mama, ukienda kliniki usieleze vurugu peke yake. Sema na hayo.