Mwakilishi Wadi Tunampima kwa Mizani Isiyo Yake

Uchaguzi ukikaribia, kuta za Malindi, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, kuanzia Maweni hadi Muyeye hujaa mabango ya orodha: barabara kadha, taa kadha, madarasa ya chekechea kadha, watoto kadha waliolipiwa karo. Nasi vibarazani tunaichambua orodha hiyo, huyu kafanya, huyu hakufanya, mpaka kahawa inapoa. Nimekaa kwenye mabaraza hayo miaka mingi, na vikao vya bajeti nimehudhuria vya kutosha. Nusu ya ubishi wetu huwa juu ya mambo ambayo sheria haikumkabidhi mwakilishi wadi, yaani MCA, hata kidogo, na yale aliyokabidhiwa hatumuulizi. Hilo linaniuma, kwa sababu anayeumia ni sisi wenye mitaa inayojaa maji kila masika.

"Barabara hii tuliletewa na MCA"

Dhana hii ndiyo iliyoota mizizi kuliko zote, kwa hivyo nianze nayo.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 9, inamtaka mwakilishi wadi awe karibu na wapiga kura wake, apeleke maoni yao kwenye bunge la kaunti, ahudhurie vikao na kamati zake. Kifungu hicho hicho kinamkataza, waziwazi au kwa mlango wa nyuma, kujiingiza katika utendaji wa serikali ya kaunti au kutoa huduma kana kwamba yeye ni mfanyakazi wake. Kwa hivyo hagawi zabuni, hachagui mkandarasi, wala greda haliji kwa amri yake. Akionekana amesimama mbele ya greda akipigwa picha, amekuja kutazama kama wewe.

Mbona tunaamini vingine? Tumerithi. Kabla ya uchaguzi wa Machi 4, 2013 Malindi ilikuwa na baraza lake la manispaa na meya wake. Madiwani wa enzi hizo walikaa kwenye kamati zilizouendesha mji wenyewe, masoko, viwanja, ujenzi. Waliopitisha jambo ndio walioliamrisha. Katiba ya 2010 ikazitenganisha kazi hizo. Gavana na mawaziri wake wa kaunti wanatekeleza, na bunge la kaunti linatunga sheria, linapitisha bajeti na kuwakagua wanaotekeleza. Neno "diwani" likabaki midomoni mwetu na picha yake ya zamani.

Tuufuate mtaro mmoja wa maji ya mvua tuone unavyozaliwa. Kwanza uwe ndani ya mpango wa kaunti wa miaka mitano. Kisha uingie kwenye mpango wa maendeleo wa mwaka, ambao serikali ya kaunti hutakiwa kuuwasilisha bungeni kufikia Septemba 1. Mwongozo wa matumizi hufuata kufikia Februari 28, makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30, na bunge liwe limeyapitisha kufikia Juni 30. Hata hapo pesa hazitoki kwenye hazina ya kaunti bila idhini ya Mdhibiti wa Bajeti. Ndipo idara husika itangaze zabuni. Katika safari yote hiyo mkono wa mwakilishi wadi unahitajika zaidi mahali pawili: pale makadirio yanapochambuliwa, ahakikishe mtaro umeandikwa, na baada ya hapo aulize umefikia wapi.

Na kuandikwa kuna kuandikwa. Mwaka mmoja niliketi kwenye kikao cha maoni karibu na mzee wa mtaa wetu, ana karatasi mbili amezikunja mara nne ndani ya mfuko wa kanzu. Alikuwa amezitoa nakala kwenye vitabu vya bajeti vya miaka miwili tofauti. Ya kwanza ilisema "kuboresha mitaro", basi, na kiasi cha pesa. Ya pili ilitaja mtaro unaanzia kona ya msikiti mpaka barabara kuu, na urefu wake kwa mita. Akaniwekea ya kwanza gotini. "Hii mtu akiila hutajua, mwanangu. Hii nyingine nitakuja nayo mkononi nihesabu hatua."

Baina ya karatasi ile na ile kuna mtu aliyekaa kwenye kamati akakataa sentensi ya jumla mpaka mtaa ukatajwa kwa jina. Hayo ndiyo mafanikio ya mwakilishi wadi, na sijayaona yakiandikwa kwenye bango.

"Mheshimiwa ana mkono mzito, hata matangani haonekani"

Kaunti haina fungu la bajeti la matanga, hanga wala harusi. Anachotoa mheshimiwa pale kinatoka kwenye mshahara wake, au kinatoka pahali ambapo sisi wapokeaji hatujali kupauliza. Mtu mwenye wadi yenye maelfu ya watu, akitakiwa achangie kila msiba na kila karo, mshahara utaisha wiki ya kwanza. Wiki ya pili atatoa wapi? Wengi wetu tunalijua jibu na bado tunanyoosha mkono.

Nimewahi kumsikia mwakilishi mmoja akizomewa kwa kukosa mazishi, ilhali siku hiyo alikuwa kwenye kamati ya bajeti akipigania pesa za zahanati ya mtaa huo huo. Hakuwa na namna ya kujitetea, kwa kuwa waliomzomea hawakujua kuna kamati. Kufika msibani ni utu, na simlaumu anayependa kiongozi mwenye utu. Ninachokataa ni kuufanya huo kuwa ndio kipimo cha kazi.

"Basari ni pesa za mheshimiwa"

Kuna vikapu viwili, na vyote ni vya kodi. Kimoja ni mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, NG-CDF, ulio chini ya serikali ya kitaifa na unaohusishwa na mbunge. Cha pili ni cha kaunti. Kilifi ilijitungia sheria ya mfuko wa ufadhili wa masomo wa wadi tangu miaka ya mwanzo ya ugatuzi. Mtoto aliyepata hundi ya kaunti hana deni la kura kwa yeyote, wala mzazi wake hapaswi kupiga magoti.

"Sheria ni mambo ya Nairobi"

Muulize mama karanga anayekaanga samaki jioni kando ya soko. Namfahamu mmoja anayezichoma tikiti zake za ushuru kwenye msumari ukutani, ya leo juu ya jana, mpaka msumari unajaa. Kiasi kilichochapishwa kwenye tikiti ile hakikutoka Nairobi. Kinatoka kwenye Sheria ya Fedha ya kaunti, inayopitishwa na wawakilishi wadi ndani ya siku 90 baada ya sheria ya bajeti. Ada za leseni ya duka, kibanda, maegesho na soko zote hupita humo. Mama yule alidhani ni watoza ushuru wanaojipangia. Nilipomwonyesha jedwali la ada, aliuliza swali moja tu: "Yule wetu alinyoosha mkono hapa?"

Sijui swali zuri kuliko hilo. Kura ya mwakilishi juu ya ada ya kibanda inamgusa mama karanga kila siku ya Mungu. Mfuko wa unga wa msimu wa kampeni unamgusa siku mbili.

Na kwa wale wanaosema vikao vya kutoa maoni ni vya kupiga muhuri tu: mwaka 2014 Mahakama Kuu iliibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Sheria nzima ilianguka. Karatasi ya mahudhurio unayotia sahihi pale ukumbini ina uzito, na ukinyimwa kikao una pa kwenda.

"Bunge liko mbali na sisi"

Hapa wana-Malindi hatuna kisingizio. Ofisi ya gavana iko mji wa Kilifi, yapata kilomita 60 kutoka hapa, lakini bunge la kaunti limekaa Malindi. Wadi zote 35, za Rabai, Kaloleni, Ganze, Magarini na kwingineko, huleta wawakilishi wao mjini kwetu. Mtu wa Rabai akitaka kumsikia wake akizungumza lazima alale njiani au aamke na nyota. Sisi ni tuktuk tu. Kifungu cha 196 cha Katiba kinataka bunge la kaunti lifanye vikao na vya kamati zake hadharani. Ingia, keti, sikiliza. Utajua kwa siku moja nani anasoma karatasi alizoletewa na nani anazifungua pale pale mara ya kwanza.

"Kila shida ni ya MCA"

Polisi, vitambulisho, shule za msingi na za upili, uwanja wa ndege, hifadhi ya bahari, barabara kuu ya Mombasa: hayo ni ya serikali ya kitaifa. Hospitali na zahanati, chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, taka, soko, taa za mitaani na zile nguzo ndefu za taa tuziitazo mulika mwizi ni ya kaunti. Maji yamechanganyika: yanavutwa Baricho, kando ya mto Sabaki, na shirika la kitaifa, kisha kampuni ya maji ya kaunti inayasambaza mitaani. Mfereji ukikauka wiki nzima, mwakilishi hawezi kuufungua. Anaweza kumwita mhusika mbele ya kamati, na Kifungu cha 195 cha Katiba kinaipa kamati hiyo nguvu za Mahakama Kuu za kuita mashahidi na kudai stakabadhi. Kwa hivyo usimuulize "maji yatarudi lini?" Muulize amemwita nani, na alijibiwa nini.

"Mradi umekwama, basi pesa zimeliwa"

Pengine zimeliwa. Pengine pia mgao kutoka hazina ya taifa umechelewa miezi, mkandarasi hajalipwa kazi ya mwaka juzi, naye ameondoa mashine zake. Ukitaka kujua, ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu huchapishwa kwa kila kaunti na zinasomeka na yeyote. Huwa zinataja miradi kwa majina. Mwakilishi anayekaa kwenye kamati ya hesabu akazipuuza kurasa hizo ana kosa kubwa kuliko aliyekosa harambee kumi.

Kuhusu wawakilishi walioteuliwa bila kupigiwa kura, wanaoitwa "wa bure": Kifungu cha 177 cha Katiba kiliwaweka ili jinsia moja isizidi thuluthi mbili, na makundi yaliyotengwa, wakiwemo watu wenye ulemavu na vijana, yapate sauti. Wanazungumza na kupiga kura ndani ya bunge kama wengine, kwa hivyo nao waulizwe walichangia nini.

Mtaani kwetu mambo matatu bado yako mezani: walimu wa chekechea hawatoshi, taka za nyuma ya soko zinachelewa kuzolewa, na mtaro. Mtaro ulichimbwa kweli, kutoka barabara kuu ukirudi ndani. Yule mzee alikwenda na karatasi yake ya pili asubuhi, kabla ya jua kali, akapiga hatua moja moja akihesabu kwa sauti, watoto wawili wakimfuata. Ulipokoma aliandika idadi ya hatua kwa kalamu ya risasi kando ya ile ya mita, akaikunja karatasi mara nne. Kona ya msikiti ilikuwa bado mbele yake. Anasubiri makadirio ya Aprili aone kama kipande kilichobaki kimeandikwa, na amekwisha kuniuliza kama tutapanda tuktuk moja.