Wingi wa krili si hesabu ya vichwa

Juzi tena nimemsikia msomaji wa habari redioni akitangaza kwamba bahari inayoizunguka Antaktika ina “krili milioni 379”, wale wanyama wadogo wa baharini wanaofanana na uduvi. Ni tani, ndugu yangu. Tani milioni 379, kadirio la mwaka 2009. Krili wa huko akikomaa kabisa hufika sentimita 6 na gramu 2 hivi, kwa hiyo tani moja tu ina krili nusu milioni kwa uchache.

Wingi ni kiasi cha viumbe katika eneo au ujazo fulani wa maji. Basi. Lakini kiasi chenyewe ni cha namna mbili, idadi na uzito, na huo uzito ndio wataalamu huuita biomasi. Haviendi sambamba. Mwaka ambao makinda wengi wamevuka salama majira ya baridi, idadi hupaa na uzito usitikisike sana.

Idadi huja na wavu. Unakokotwa, mita iliyofungwa mdomoni inapima maji yaliyopita, kisha krili humwagwa kwenye trei wakahesabiwa na kupimwa urefu. Tabu ni kwamba krili ana macho makubwa meusi, na mchana huuona wavu akaukwepa. Uzito huja zaidi na mwangwi: chombo kilicho chini ya meli hupiga sauti, mara nyingi ya kilohezi 120, na kinachorudi hugeuzwa kuwa gramu kwa kila mita ya mraba. Hapo hakuna aliyehesabu kichwa hata kimoja. Tena bila vipimo vya urefu kutoka wavuni, mwangwi peke yake hauwezi kukwambia vizuri kama ni wakubwa wachache au wadogo tele.

Halafu kuna hili la “planktoni maana yake vidudu visivyoonekana”. Hapana! Neno alilianzisha Mjerumani Victor Hensen mwaka 1887, akilitoa kwenye Kigiriki cha kutangatanga, kuchukuliwa na maji. Udogo haumo. Yavuyavu la kujaza ndoo ni zooplanktoni, yaani planktoni ya wanyama, vilevile. Krili mzima, kinyume chake, anaogelea kwa nguvu kiasi kwamba wengine humtoa kabisa katika kundi hilo, kwa hiyo kabla ya kulinganisha takwimu mbili za zooplanktoni, tazama kwanza kama krili wamo. Jina lake nalo ni la Kinorwe, na huko lilihusu vitoto vya samaki, ingawa yeye si samaki. Wala si uduvi, japo ukimwona utaapa ni uduvi aliyenenepa.

Sasa kuna wanaoona tani milioni 62.6 za upimaji wa 2019 wakalia kwamba krili wamekwisha. Hizo ni za upande wa kusini-magharibi mwa Atlantiki tu. Zile 379 ni za Antaktika nzima. Na kwa msomaji wetu wa redio, mara nyingine ukifika hapo ongeza neno “tani”, utakuwa umesema sawa.