Kiwango cha kimbunga hakikwambii bahari itapanda kiasi gani

Agosti 2004, kimbunga Charley kilipiga kusini-magharibi mwa Florida kikiwa cha kiwango cha 4, na bahari ikapanda kama mita 2. Septemba 2008, Ike kiliingia Galveston, Texas, kikiwa cha kiwango cha 2 tu, lakini Rasi ya Bolivar iliyo jirani ilipata maji ya mita 4.5 hadi 6. Kiwango hicho, kwa kipimo cha Saffir-Simpson (1 hadi 5), kinahesabu kasi ya upepo peke yake. Zamani jedwali lake lilibeba pia makadirio ya maji. Yaliondolewa mwaka 2010, na kwa maoni yangu yalichelewa kuondolewa.

Wengi hudhani bahari inafyonzwa juu na mgandamizo mdogo wa hewa katikati ya kimbunga. Inafyonzwa kweli, ila kidogo: kila hektopaskali moja (kizio cha mgandamizo wa hewa) inayopungua huinua maji kwa sentimita moja hivi. Katrina kilipofika Louisiana mwaka 2005 mgandamizo ulikuwa 920, wakati kawaida ni kama 1013. Hiyo ni sentimita 93. Pale Pass Christian, Mississippi, maji yalifika karibu mita 8.5. Sehemu kubwa ya kilichobaki ni kazi ya upepo uliosukuma maji juu ya sakafu ya bahari iliyo pana na ya kina kifupi, ambako hayana njia ya kurudi chini kwa chini. Ndiyo maana kimbunga kipana huleta maji mengi kuliko kimbunga chembamba chenye upepo mkali zaidi. Charley kilikuwa chembamba, Ike kilikuwa kikubwa mno.

Ike kilikuwa na hila nyingine. Maji yalianza kupanda karibu siku nzima kabla kimbunga hakijafika, upepo ukiwa bado unavuma sambamba na pwani. Mzunguko wa dunia huyapinda maji yaendayo upande wa kulia katika kizio cha kaskazini (kwetu kusini, upande wa kushoto), na kulia kwa upepo ule palikuwa nchi kavu. Barabara ya Bolivar ilizama mapema, na waliosubiri upepo uanze ndipo wahame hawakuwa na pa kupita.

Haya tunayajua kwa sababu yamepimwa. Tangu kimbunga Rita cha 2005, Idara ya Jiolojia ya Marekani hufunga vihisi vya mgandamizo kwenye nguzo za madaraja na magati siku moja au mbili kabla. Kihisi huwekwa ndani ya bomba lenye matundu na kurekodi kila sekunde 30. Kingine huachwa hewani, juu ya maji, ili mgandamizo wa hewa utolewe kwenye hesabu. Ukisahau kuutoa, hekaheka za barometa zitasomeka kama maji. Kosa lingine ni kugeuza mgandamizo kuwa kina kana kwamba maji hayana chumvi wakati ni ya chumvi: tofauti ya uzito ni asilimia 2.5, na kwenye mita 4 hiyo ni sentimita 10. Nguzo nayo ikihama, au mchanga ukizika bomba, data huonekana safi lakini haifai.

Lazima pia kutenganisha maji ya kimbunga na maji ya mwezi, yaani kujaa na kupwa kwa kawaida. Sandy, mwaka 2012, kiliinua bahari kwa mita 3.86 juu ya kawaida pale Kings Point, jimbo la New York, na mita 2.87 tu pale Battery, kusini mwa Manhattan. Hata hivyo vimo vya mwisho vya maji vilikaribiana, kwa sababu Battery ilipigwa maji yamejaa na Kings Point yakiwa yamekupwa. Kimbunga Idai kilifika Beira, Msumbiji, usiku wa kuamkia 15 Machi 2019, wakati wa maji mafu, yaani kujaa na kupwa kukiwa kudogo. Kingechelewa wiki moja kingekuta bamvua, maji yanapojaa kupita siku nyingine, na Beira tofauti kati ya bamvua na maji mafu ni ya mita kadhaa.

Pasipo kihisi tunategemea alama zilizoachwa na maji. Ninayoiamini zaidi ni mstari mwembamba wa matope au mbegu ndani ya chumba kilichofungwa, maana maji yalitulia humo. Alama nzuri sana tunaipa kosa la sentimita 1.5, na mbovu sentimita 12. Takataka zilizonasa juu ya mti nje huonyesha mawimbi yaliporuka, si kimo cha maji yaliyotulia. Kila alama huunganishwa kwa GPS na kimo rejea cha taifa, yaani sifuri moja ambayo vimo vyote hupimwa kutoka kwayo, la sivyo nyumba mbili haziwezi kulinganishwa. Ila kwanza chora mstari kwa penseli na upige picha yenye futi kando yake. Mvua ya kesho yake, au mwenye nyumba na ndoo ya sabuni, hufuta alama kabla mpimaji hajarudi na vyombo.