Kukosa oksijeni si lazima kukubane pumzi

Wazamiaji wengi, hata waliozoea mitungi ya kawaida, huamini kwamba oksijeni ikipungua mwili utawaonya mapema kwa kuwabana pumzi. Imani hiyo si sahihi, na kwa anayejifunza kuzamia kwa kifaa cha kuzungusha pumzi ni ya hatari. Kinachotufanya tuhisi kubanwa ni hasa kuongezeka kwa kaboni dayoksaidi mwilini. Na kifaa hicho, ambacho humrudishia mzamiaji pumzi yake badala ya kuiachia majini kama mapovu, huifyonza gesi hiyo kwa punje za chokaa ya soda. Kwa hiyo vali inayoingiza oksijeni ikikwama bila kufunguka, mzamiaji anaweza kuendelea kupumua kwa raha mpaka azimie, na hatari huzidi anapopanda, kwa kuwa shinikizo la oksijeni hushuka kadiri kina kinavyopungua.

Ndiyo maana mwanafunzi hufundishwa kutazama skrini ya mkononi kila mara, zoezi linalochosha kwa kweli. Aghalabu vitambuzi vinavyopima shinikizo la oksijeni huwa vitatu: viwili vikisoma baa 1.3 na cha tatu 0.9, yaani visipokubaliana, haridhiki kwa kuwa anajisikia vizuri, bali huhamia kwenye mtungi wa akiba na kuanza kupanda.