Je, wajua kwa nini video za muziki wa sinthesaiza, kinanda cha umeme kinachounda sauti, hufanana na sinema bubu za Ujerumani?

Mpiga gitaa huruka, mpiga ngoma hutoka jasho. Kamera ina cha kufuata. Mpiga sinthesaiza husimama nyuma ya kinanda akibonyeza. Waongozaji wa video za miaka ya 1980 walilazimika kutafuta kitu kingine cha kuonyesha, na Wajerumani walikuwa nacho tangu miaka ya 1920. Sinema yao haikuwa na sauti, hivyo mwanga, kivuli, uso uliopakwa rangi na mwili unaokwenda kama mashine ndivyo vilivyobeba hisia.

Mlango waliufungua Kraftwerk, bendi ya sinthesaiza ya Düsseldorf, Ujerumani. Albamu yao ya 1978, Die Mensch-Maschine, ina wimbo uitwao Metropolis, jina la filamu ya Fritz Lang ya 1927 ambamo Brigitte Helm anacheza roboti wa kike. Mwaka 1984 mtunzi wa muziki Giorgio Moroder akaitoa upya filamu hiyo, imekatwa, imetiwa rangi na kujazwa nyimbo za pop. Mwaka huohuo bendi ya Queen wakaweka vipande vyake ndani ya video ya wimbo wao Radio Ga Ga. Ila aliyekopa kwa kina zaidi ni mwongozaji David Fincher, katika video ya Express Yourself ya Madonna (1989): vibarua chini kwenye mashine, tajiri juu ghorofani, na mwishoni usemi wa Metropolis yenyewe kuhusu moyo kuunganisha mkono na akili.

Mtindo huu unaigika hata kwa bajeti ndogo. Katika filamu Das Cabinet des Dr. Caligari (1920), mbunifu wa mandhari Hermann Warm na wenzake wawili walichora vivuli kwa rangi moja kwa moja kwenye mandhari. Mtego wake ni kwamba kivuli kilichochorwa hakisogei. Kivuli halisi cha mwigizaji kikiangukia upande mwingine, ujanja umeumbuka. Msogeze mbali na ukuta.

Kivuli halisi, kama kile kinachopanda ngazi katika Nosferatu, filamu ya mwongozaji Murnau (1922), kinataka taa moja tu, ndogo, isiyofunikwa kitu, iwekwe chini. Mwigizaji akiwa mita 1 kutoka kwenye taa na ukuta mita 3, kivuli kinakuwa mara tatu ya kimo chake. Akisogea karibu na taa kinakua lakini kingo zinafifia. Taa ikiwa ndogo zaidi, kingo hukaza. Wengi hushindwa kwa sababu ya kuta nyeupe: mwanga unadunda, kivuli kinageuka kijivu. Tundika vitambaa vyeusi pembeni na uzime taa nyingine zote.

Usoni ndipo watu hukosea zaidi. Filamu, yaani utepe wa ndani ya kamera, iliyotumika mwanzoni mwa miaka ya 1920 haikuona rangi nyekundu, kwa hiyo midomo ilitoka myeusi tii na nyuso zilihitaji poda nzito. Kamera ya dijitali inaona nyekundu vizuri; ukiondoa rangi tu, midomo inapauka. Kwenye programu ya kuhariri, unapogeuza picha kuwa nyeusi na nyeupe, punguza chaneli nyekundu (sehemu ya picha inayobeba rangi hiyo) na upandishe ya bluu. Ngozi nyeusi hapo huzama gizani, na ukiing'arisha baadaye chaneli ya bluu hutoa chenga, kwa hiyo ongeza mwanga usoni wakati wa kupiga picha.