Je, wajua afisa wa jeshi aliyepoteza macho aliwezaje kukimbia marathoni?

Asubuhi moja ya Julai, baridi ya Iringa ikiwa imekolea, nilimwomba jirani yangu anifunge kitambaa machoni kisha anikimbize katika mwinuko wa kutoka Ipogolo kupanda mjini. Tulichukua kamba ya kiatu, tukatia kitanzi kila upande, yeye akavaa kimoja mkononi na mimi kingine. Hatua ishirini za mwanzo sikukimbia hata kidogo. Nilinyata kama mtu anayevuka mto asioujua kina chake. Magoti yalikaza, mabega yakapanda karibu na masikio, na kila bajaji iliyopita ilinifanya niamini kwamba inanijia mimi, ingawa barabara ile naipita karibu kila siku.

Nilifanya hivyo kwa sababu ya swali lililokuwa likinisumbua tangu niliposoma habari za Ivan Castro, afisa wa Jeshi la Marekani: mtu aliyepofuka vitani aliwezaje kuendelea kulitumikia jeshi kwa miaka mingi, na tena kukimbia kilomita 42 zaidi ya mara moja?

Castro, aliyekulia Puerto Rico, aliingia jeshini kama askari wa kawaida, akapitia vikosi vya makomando, na akasomea uafisa akiwa tayari ni mtu mzima mwenye uzoefu. Septemba 2006 alikuwa luteni anayeongoza askari wa upelelezi na wadunguzi huko Yusufiyah, kusini mwa Baghdad, Iraki. Bomu la mota liliangukia juu ya paa walilokuwapo, hatua chache tu kutoka alipokuwa. Wenzake wawili walipoteza maisha. Yeye aliondolewa jicho la kulia, na la kushoto halikuweza kuona tena. Pafu lilisinyaa, mifupa ya uso na ya mkono ilivunjika, na alilala majuma kadhaa bila fahamu. Mwaka uliofuata, 2007, alimaliza mbio za Marine Corps Marathon jijini Washington.

Katika kusimulia habari hii, wengi hurukia mbio na kuacha suala la kazi, nami naona hapo ndipo penye uzito. Jeshi la Marekani lina utaratibu unaomruhusu askari aliyejeruhiwa, hata baada ya madaktari kuona kwamba hafikii tena viwango vya kawaida, kuomba abaki katika kazi anayoimudu. Castro hakurudishwa mstari wa mbele. Alipangiwa makao makuu ya Kundi la Saba la Vikosi Maalumu, Fort Bragg, katika jimbo la North Carolina, akisaidia kuendesha shughuli za kila siku za kikosi. Alipandishwa vyeo hadi kuwa meja, na alistaafu akiwa amelitumikia jeshi kwa zaidi ya miaka 25. Alipewa kazi yenye majukumu ya kweli, si kiti cha kuonewa huruma.

Na hapa kuna jambo ambalo sikulitarajia. Askari wa miguu hufunzwa kusafiri gizani, bila tochi, kwa kuhesabu hatua: anajua ni hatua ngapi zake zinazotimiza mita 100, na kwa hesabu hiyo pamoja na dira hujua alipo hata pasipo kuona kitu. Mtu asiyeona, anapojifunza njia ya kutoka chumbani hadi ofisini, hutumia hesabu hiyohiyo. Hivyo Castro hakuanza na mikono mitupu, kwa kuwa sehemu ya ujuzi aliouhitaji alikuwa ameufanyia mazoezi usiku mwingi kabla ya kujeruhiwa.

Mwili nao una msaada wake. Simama kwa mguu mmoja ukiwa umefumbua macho, kisha yafumbe. Utaanza kuyumba mara moja, kwa sababu ubongo hudumisha mizani kwa kuunganisha taarifa kutoka sehemu tatu: macho, sikio la ndani, na hisia zilizomo ndani ya misuli na viungo. Macho yakiondoka, hizo mbili nyingine hubaki na kazi yote. Kwa mazoezi, ubongo hujifunza kuzitegemea zaidi, na mkimbiaji asiyeona hupata kwenye nyayo na vifundo vya miguu habari nyingi ambazo sisi tunazipuuza. Magoti yangu yalikaza pale Ipogolo kwa kuwa ubongo wangu haukuwa na mazoea hayo, nao ulichagua tahadhari.

Kinachobaki ni kamba, ile inayomuunganisha mkimbiaji asiyeona na mwongozaji wake anayeona. Kwa asiyeijua, huonekana kama ya kumvuta mtu, na sheria za riadha za Paralimpiki, michezo ya dunia ya watu wenye ulemavu, zinakataza jambo hilo hasa. Mwongozaji haruhusiwi kumvuta mkimbiaji wala kumsukuma, na ni lazima mkimbiaji avuke mstari wa mwisho kabla yake. Kazi ya kamba ni kupeleka habari. Mikono ya wawili hao hupunga kwa mwendo mmoja, na kona inapokaribia mkono wa mwongozaji hubadilika kidogo kabla hata hajasema "kushoto". Baada ya kama dakika kumi nilianza kuhisi hilo: jirani yangu alipoliona tuta, mkono wake ulipunguza kasi, nami nikapunguza kabla sijamsikia akitamka neno.

Nguvu ya kamba hiyo ilionekana katika Paralimpiki ya Sydney mwaka 2000, kwa Mkenya Henry Wanyoike, aliyepoteza uwezo wa kuona mwaka 1995 kwa kiharusi. Katika fainali ya mita 5,000 mwongozaji wake, aliyekuwa ameugua malaria, aliishiwa nguvu karibu na mwisho, na ikawa asiyeona ndiye anayemkokota anayeona. Wanyoike alitwaa dhahabu.

Michezo hiyo yenyewe ilizaliwa katika wodi za majeruhi wa vita. Daktari Ludwig Guttmann, aliyeikimbia Ujerumani ya Wanazi, alifungua mwaka 1944 kituo cha walioumia uti wa mgongo huko Stoke Mandeville, Uingereza, akawaingiza wagonjwa wake katika michezo kama sehemu ya tiba. Tarehe 29 Julai 1948, siku ilipofunguliwa Olimpiki ya London, askari 16 waliojeruhiwa walishindana kulenga shabaha kwa upinde wakiwa kwenye viti vya magurudumu. Kutoka hapo ilikuja Paralimpiki ya kwanza, Roma, 1960.

Castro naye hakuishia kwenye marathoni. Mwishoni mwa 2013 alikwenda Antaktika pamoja na askari wengine waliojeruhiwa, kutoka Marekani, Uingereza na nchi za Jumuiya ya Madola, wakivuta sleji zenye mizigo yao kuelekea Ncha ya Kusini. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania tunaweza kukadiria kimo cha mahali hapo: ni mita 2,835 hivi, juu ya uwanda wa Kitulo lakini chini kidogo ya kilele cha Mlima Rungwe. Baridi yake ndiyo hatuwezi kuilinganisha na chochote, hata na sakitu ya Kitulo. Safari ilipangwa iwe mashindano ya timu tatu. Njia ilipokuwa ngumu kupita ilivyotazamiwa, mashindano yalifutwa kwa usalama wa wote, timu zikaungana kuwa msafara mmoja, na tarehe 13 Desemba wakafika pamoja.