Wahakiki wa filamu hawachukii kinachopendwa na wengi

Husemwa kwamba wahakiki hudharau filamu yoyote inayopendwa na umati. Sivyo. Tofauti kubwa ya maoni kati ya wahakiki na watazamaji huanzia kwa aliyeingia ukumbini: mtazamaji ameichagua filamu, amelipa, pengine tayari anampenda mwigizaji, ilhali mhakiki hutazama hata asiyoitamani, maana ndiyo kazi yake.

Halafu namba zenyewe husomwa vibaya. Asilimia 60 ya Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya maoni ya wahakiki na kura za watazamaji, si alama 60 kwa 100. Maana yake ni kwamba wahakiki 6 kati ya 10 waliisifu, hata kama kwa shingo upande. Kwa hiyo filamu inayogawa watu vikali na ile ya wastani tu zinaweza kulingana. Kura za watazamaji nazo hupigwa hata na wenye hasira ambao hawajaitazama. Mwaka 2019 tovuti hiyo ikaanza kutenga kura za waliothibitishwa kununua tiketi.